Mnara, ankara na jirani wa masafa: dhana potofu katika biashara ya mitandao ya simu

Nyuma ya laini moja ya simu kuna mnyororo mrefu wa watu wanaodaiana: kampuni ya simu, kampuni inayomiliki mnara, muuza mitambo, mkandarasi mkuu, wakandarasi wadogo walio chini yake, na mwenye kiwanja. Ugomvi mwingi kati yao una chanzo kimoja: jambo lililopaswa kupimwa na kuandikwa siku ile liliachwa mdomoni.

Dhana: Saiti ikishakuwa hewani, mkandarasi analipwa

Hewani, yaani saiti (mahali penye mnara na mitambo) imeanza kuhudumia simu, ni lugha ya mafundi. Idara ya fedha haina habari nayo, inasubiri karatasi. Mlolongo wa kawaida huenda hivi: oda ya manunuzi, ufungaji, vipimo, ukaguzi wa pamoja, orodha ya kasoro, marekebisho, hati ya mapokezi ya awali, ankara, kisha siku 60 au 90 za kusubiri. Sehemu ya fedha, mara nyingi asilimia 5 hadi 10, hubaki kwa mteja mpaka hati ya mwisho itoke baada ya kipindi cha uangalizi.

Tupige hesabu. Mkandarasi anakamilisha saiti 10 kwa mwezi, ukaguzi unachukua siku 30, na ankara inalipwa siku 60 baadaye. Atakuwa amebeba gharama za saiti 30 kabla senti ya kwanza haijaingia. Akipewa kazi maradufu, atabeba za saiti 60. Ndiyo maana wapo wanaofilisika wakiwa na oda tele mezani. Kabla ya kusherehekea mkataba mkubwa, muulize mtu wa benki, siyo fundi.

Kinachochelewesha hati mara nyingi ni vitu vidogo vya kukera. Namba ya mtambo kwenye picha haifanani na iliyo kwenye fomu. Au lebo ya antena haikupigwa picha antena ikiwa bado chini, na sasa fundi apande tena mita 40 kwa ajili ya picha moja. Au oda inasema fida (kebo ya kwenda kwenye antena) mita 60, njia halisi ikala mita 75. Zile 15 zilizozidi, kama hakuna mabadiliko ya oda yaliyosainiwa kabla ya kukata kebo, ni sadaka.

Dhana: Aliyetoa bei ya chini kabisa ndiye aliyetuokolea fedha

Inategemea ni mikono mingapi iko kati ya bei hiyo na mtu aliye juu ya mnara. Kila tabaka likichukua chake, kikosi cha mwisho hulipwa kwa idadi ya saiti, kwa hiyo hukimbia. Mbio hizo huonekana kwenye konekta, yaani viungo vya kebo. Konekta ya 7/16 hukazwa kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 25 hadi 30, ile ndogo ya 4.3-10 kwa Nm 5 tu. Kikosi chenye spana moja ya kawaida huacha ya kwanza ikiwa imelegea na kuumiza ya pili, na macho hayaoni tofauti. Mkataba unaotaja bei bila kutaja spana yenye kipimo, mashine ya kupimia PIM (kelele inayozaliwa na viungo vibovu) na vyeti vyake vya usahihi ni kununua mbuzi kwenye gunia.

Dhana: Kelele kwenye masafa yetu ni hujuma ya jirani

Kelele ni ishara isiyotakiwa inayofunika simu za wateja. Hapa ndipo uhusiano wa kampuni mbili huharibika haraka kuliko mahali pengine, na mara nyingi anayelalamika ndiye mwenye ugonjwa.

PIM hutokea pale ishara mbili zenye nguvu zinapokutana kwenye chuma chenye kasoro: konekta iliyolegea, unga wa chuma uliobaki baada ya kukata kebo, boliti yenye kutu. Zinazaa ishara ya tatu ambayo hakuna aliyeirusha. Chukua bendi ya MHz 900, ambako mnara hurusha kati ya 935 na 960 na kupokea kati ya 890 na 915. Ukirusha 936 na 958 kwa pamoja, hesabu ya mara mbili 936 toa 958 inakupa 914. Imetua ndani ya masafa yako ya kupokelea. Kipimo cha kawaida hutumia ishara mbili za wati 20 kila moja, na kiwango kinachodaiwa mara nyingi ni dBc -150 (desibeli 150 chini ya ishara iliyorushwa), yaani PIM isizidi dBm -107 (desibeli 107 chini ya miliwati moja).

Kabla ya kumwandikia jirani, punguza nguvu yako ya kurusha kwa dB 1, saa ambazo watumiaji ni wachache. Kelele ikishuka kwa zaidi ya dB 2, chanzo kinahusiana na mitambo yako. Isipotikisika, inatoka nje, na hapo una haki ya kupiga hodi. Peleka bendi, tarehe na saa, mwelekeo wa antena inayoathirika, grafu ya kiwango cha kelele, na orodha ya ulichokwisha jaribu. Barua ya “mnatuharibia” huenda kwa wanasheria na kulala huko, lakini grafu hufika kwa mhandisi.

Tena kuna hali ambapo hakuna mkosaji wala msafi. Bati lenye kutu mbele ya antena za kampuni mbili linaweza kuchanganya ishara za wote wawili. Dawa ni kuzima kwa zamu, usiku, wahandisi wa pande zote wakiwa kwenye simu moja. Asiyekuwapo na lake halipo.

Dhana: Washindani hawana haja ya kuelewana

Waulize wanaotumia TDD, mfumo wa kurusha na kupokea kwa zamu kwenye masafa yale yale. Mmoja akirusha wakati mwenzake wa bendi ya jirani anapokea, humpofusha. Kwa hiyo kampuni zinazogombea wateja mchana hulazimika kukubaliana mgawanyo mmoja wa zamu na mwanzo mmoja wa fremu (mzunguko mmoja wa zamu hizo), saa za minara zikitofautiana kwa maikrosekunde 3 tu au chini ya hapo. Saa hizo kwa kawaida hutoka kwenye setilaiti. Kebo ya antena ya GPS ikikatika, mtambo huendelea kwa saa yake ya ndani kwa muda, halafu huanza kuteleza. Makubaliano yasiyosema nani apigiwe simu saa hiyo, na ndani ya dakika ngapi mtambo uzimwe, hayajakamilika.

Dhana: Mnara una nafasi wazi, basi tufunge

Nafasi ya kuonekana si nafasi ya kubeba. Antena ya mita 2 kwa 0.4 inaweza kuwa na uzito wa kilo 30, lakini upepo wa kilomita 150 kwa saa huisukuma kwa nguvu ya nyutoni 1,000 hivi, kama kilo 100 zinazovuta kwa ubavu. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kisha kuna mzigo wa kwenye makaratasi: mpangaji mwingine (kampuni iliyokodi nafasi mnarani) huenda keshalipia sehemu ile na hajafunga kitu. Omba ripoti ya uimara wa mnara inayojumuisha mizigo iliyohifadhiwa, kabla ya kuagiza mitambo.

Dhana: Asilimia 99.9 ni sawa na muda wote

Hiyo ni ahadi ya mwenye mnara ya muda wa saiti kuwa hewani. Kwa mwezi wa siku 30 inaacha dakika 43 za giza. Swali kubwa zaidi ni kama inahesabiwa kwa kila saiti au kwa wastani. Katika mtandao wa saiti 1,000, saiti moja inaweza kuzimika mwezi mzima na wastani ukabaki 99.9. Mwenye mnara hatalipa faini hata kidogo, na wateja wa eneo lile watakuwa wameshahama.

Andikeni pia saa inaanza lini: kengele inapolia kwenye kituo cha uangalizi, au tiketi (rekodi ya hitilafu) inapofunguliwa? Kati ya hizo mbili dakika 20 hupotea kirahisi. Na kama kukatika kwa umeme wa gridi kumeondolewa kwenye hesabu, betri zidhaminiwe kwa saa, zipimwe kwa mzigo halisi. Betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25.

Dhana: Mwenye kiwanja keshalipwa, hana neno

Ufunguo wa geti uko kwake. Kama mkataba hausemi kuingia saa 24, nani anamjulisha, na kodi inakuwaje mpangaji wa pili akija, siku atakapoona antena mpya zikipandishwa atabadilisha kufuli. Jenereta litaishiwa mafuta, lori la dizeli likiwa nje ya geti.