Malkia sita na sheria iliyompendelea mvulana

Tangu Rais Samia Suluhu Hassan aapishwe Machi 2021, mjadala wa mwanamke na uongozi haupiti bila mtu kuitaja Uingereza. "Wenzetu hilo walishalimaliza zamani, wamekaa na malkia miaka 70." Kauli hii inatoka kwa wanafunzi, kwa watangazaji wa redio na, linaloudhi zaidi, kwa walimu wa historia wanaowafundisha hao wanafunzi. Ndani yake mna dhana potofu kadhaa zilizofungwa fungu moja. Ya kwanza nitaishughulikia kwa urefu, kwa sababu ikishaeleweka hiyo, nyingine zinalegea zenyewe.

Dhana: Uingereza ilipata malkia kwa kuwa sheria yake iliwapa wanawake haki sawa ya kurithi

Sivyo hata kidogo. Hadi mwaka 2015 sheria ya urithi wa kiti cha Uingereza ilimtanguliza mtoto wa kiume. Binti alikikalia pale tu alipokosekana ndugu yake wa kiume, awe mkubwa wake au mdogo wake. Ufaransa ilimfungia mwanamke mlango moja kwa moja. Uingereza ilimruhusu asubiri nyuma ya ndugu zake. Nafuu yenyewe ndiyo hiyo, na si zaidi.

Hesabu yake ilikwenda hivi. Unaanza na watoto wa mtawala aliyepo. Unawachukua wa kiume kwanza, kwa kufuata umri. Kabla hujamfikia mtoto wa pili wa kiume, unamaliza uzao wote wa yule wa kwanza, mabinti zake wakiwamo. Wakiisha wa kiume wote na uzao wao, ndipo unawageukia mabinti wa mtawala, nao kwa umri. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wakidhani mwanamume yeyote wa ukoo alimpita mwanamke yeyote. La. Binti aliachwa nyuma na ndugu zake wa kuzaliwa, lakini yeye aliwapita wadogo wa baba yake. Mwaka 1837 Victoria alikuwa msichana wa miaka 18, na baba zake wadogo watatu walikuwa hai. Wote walikaa nyuma yake, kwa kuwa marehemu baba yake, Duke wa Kent, alikuwa mtoto wa nne wa kiume wa George III na wao walimfuata kwa kuzaliwa.

Sasa wachukue malkia watawala mmoja mmoja, uone kila mmoja aliingiaje. (Simhesabu Jane Grey, aliyetangazwa Julai 1553 na kuangushwa baada ya siku tisa.)

Henry VIII alipofariki Januari 1547, binti yake Mary alikuwa mwanamke mzima wa miaka 30 na Elizabeth alikuwa na miaka 13. Kiti kilikwenda kwa Edward, mtoto wa miaka tisa. Mary I alikipata mwaka 1553 baada ya mdogo wake huyo kufa bila mtoto, na Elizabeth I akakipata mwaka 1558 baada ya Mary naye kufa bila mtoto. Mary II na dada yake Anne ni kisa cha aina nyingine: wao walikuwa na ndugu wa kiume, James Francis Edward, aliyezaliwa Juni 1688. Kilichomwondoa mtoto yule ni dini. Baba yao James II alikuwa Mkatoliki, akakimbia nchi, na mwaka 1689 Bunge likapitisha kwamba Mkatoliki hawezi kurithi. Bila kizuizi hicho, kichanga kingewapita dada zake wawili waliokwisha kuolewa. Victoria alifikiwa na zamu kwa sababu Charlotte, binti pekee wa baba yake mkubwa George IV, alifariki Novemba 1817 baada ya kujifungua, na mabinti wawili wa baba yake mkubwa mwingine, William IV, walikufa wakiwa wachanga. Elizabeth II, je? Baba yake mkubwa Edward VIII aliachia ufalme Desemba 1936 akiwa hana mtoto, na baba yake George VI alizaa mabinti wawili tu.

Mtafute mmoja kati ya hao sita aliyekalia kiti akiwa na kaka halali, mzima, anayekubalika kisheria. Hayupo.

Anayetaka kuiona sheria ikifanya kazi kwa karibu, aisome hati ya kumtangaza Victoria ya Juni 1837. Inamtaja kuwa malkia, lakini inaweka sharti: pasipoguswa haki za mtoto yeyote wa marehemu William IV anayeweza kuzaliwa na mjane wake. Mjane huyo, Adelaide, alikuwa na miaka 44. Kama angekuwa mjamzito na akajifungua salama, Victoria angeshuka kwenye kiti alichokwisha kukalia. Na siku hiyohiyo Hanover, nchi ya Ujerumani iliyokuwa chini ya mfalme mmoja na Uingereza tangu 1714, ilijitenga. Sheria yake haikumruhusu mwanamke kurithi maadamu yupo mwanamume wa ukoo, kwa hiyo ikaenda kwa baba yake mdogo, Ernest Augustus. Mtu ni yuleyule, siku ni ileile: nchi moja inampokea, nyingine inamkataa.

Hata Elizabeth II, kuanzia 1936 hadi 1952, hakuwa mrithi asiyeweza kupitwa. Alikuwa mrithi wa kushikilia nafasi tu, akisubiri kuonekana kama wazazi wake watapata mtoto wa kiume. Hakuwahi hata kuitwa Binti Mfalme wa Wales, jina linalotokana na cheo cha mrithi wa kiume, Mwanamfalme wa Wales.

Mabadiliko yalikuja juzijuzi. Oktoba 2011, mjini Perth, Australia, viongozi wa nchi 16 zilizokuwa na Elizabeth kama mkuu wa nchi walikubaliana kuondoa upendeleo wa mvulana. London ilipitisha sheria yake 2013, lakini ilianza kutumika 26 Machi 2015. Kilichochelewesha ni kwamba taji lilikuwa moja na nchi zenyewe 16, na nchi moja ingebaki na sheria ya zamani, ingeweza siku moja kujikuta na mfalme wake peke yake. Australia ilichukua muda mrefu kuliko zote, kwa kuwa kila jimbo lilipitisha sheria yake kwanza, na Australia Magharibi ndiyo ikafunga mlango Machi 2015.

Na sheria mpya hairudi nyuma: inawahusu waliozaliwa baada ya 28 Oktoba 2011. Charlotte, binti wa mrithi wa sasa William, aliyezaliwa Mei 2015, hakupitwa na mdogo wake Louis aliyezaliwa 2018. Lakini Anne, mtoto wa pili wa Elizabeth II, ambaye mwaka 1952 alikuwa wa pili kwenye orodha, alipitwa na wadogo zake, Andrew mwaka 1960 na Edward mwaka 1964, na hadi leo yuko nyuma yao na ya uzao wao. Watoto wa Edward ni vivyo hivyo: Louise alizaliwa 2003, James 2007, na James yuko mbele. Ukitaka kujua kama ufalme unamthamini mwanamke, achana na picha ya aliyeketi kitini. Soma kifungu cha urithi, kisha uliza: angezaliwa mdogo wake wa kiume, ingekuwaje?

Jambo moja la haki lisemwe. Mwanamke alipokwisha kukikalia kiti, mamlaka yake hayakupunguzwa kwa sababu ya jinsia. Sheria za zamani zilitaja "mfalme" peke yake, na wapo waliotaka kujenga hoja juu ya hilo. Bunge likapitisha mwaka 1554, chini ya Mary I, kwamba madaraka ya malkia mtawala ni yaleyale ya mfalme, bila pungufu.

Dhana: mume wa malkia huwa mfalme, na mke wa mfalme hurithi mumewe akifa

Yote mawili si kweli. Mke wa mfalme huitwa malkia kwa ndoa. Camilla, mke wa Mfalme Charles III, hayumo kwenye orodha ya warithi. Charles III akiondoka, anayeingia ni William papo hapo. Mume wa malkia mtawala hapati ufalme kwa ndoa. Philip wa Hispania aliitwa mfalme kwa mkataba maalumu wa mwaka 1554, na ukomo wake ulikuwa uhai wa Mary. William III alitawala pamoja na Mary II kwa sababu Bunge liliwapa taji wote wawili, na uendeshaji wa serikali likamwachia yeye. Mume wa Anne hakuwa mfalme, Albert wa Victoria hakuwa, na Philip wa Elizabeth II hakuwa.

Dhana: malkia kukaa kitini kuliwafungulia wanawake mlango wa siasa

Victoria alitawala zaidi ya miaka 63 na alipokufa Januari 1901 sheria ya Uingereza ilikuwa bado haimruhusu mwanamke kupiga kura ya Bunge. Yeye mwenyewe alizipinga harakati za haki za wanawake kwa maneno makali. Kura ilipatikana kwa wanawake wa kawaida waliopigania, wengine wakifungwa jela, na hata hivyo ilikuja nusunusu: sheria ya Februari 1918 ilimpa mwanamke wa kuanzia miaka 30 mwenye sifa fulani za mali au makazi, huku mwanamume akipiga kura akiwa na 21. Novemba mwaka huohuo sheria nyingine ikamruhusu mwanamke wa miaka 21 kugombea ubunge. Yaani kwa miaka kumi, hadi 1928, mwanamke wa miaka 25 aliweza kuchaguliwa bungeni na asiweze kupiga kura. Wa kwanza kuchaguliwa, Constance Markievicz wa Dublin, Desemba 1918, hakukalia kiti chake, kwa kuwa chama chake cha Sinn Féin, kilichodai uhuru wa Ireland, kiligomea Bunge la London. Wa kwanza kukikalia ni Nancy Astor, Desemba 1919.

New Zealand ni kinyume chake: wanawake walipiga kura tangu 1893 lakini walizuiwa kugombea hadi 1919, na mbunge wao wa kwanza, Elizabeth McCombs, akapatikana 1933. Kupiga kura, kugombea na kuchaguliwa ni milango mitatu, na kila mmoja una ufunguo wake.

Dhana: Margaret Thatcher ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza serikali katika Jumuiya ya Madola

Thatcher aliingia Mei 1979. Sirimavo Bandaranaike alikuwa Waziri Mkuu wa Ceylon, sasa Sri Lanka, tangu Julai 1960, na ndiye wa kwanza duniani. Ceylon wakati huo ilikuwa na Elizabeth II kama malkia wake, kwa hiyo ilikuwa na mwanamke kitini na mwanamke serikalini miaka 19 kabla ya Uingereza yenyewe. Indira Gandhi alifuata India Januari 1966. Kwa upande wa marais wa Afrika, Joyce Banda wa Malawi aliapishwa Aprili 2012, akiwa makamu aliyerithi baada ya rais kufariki madarakani, njia ileile aliyopitia Rais Samia.

Dhana: Jumuiya ya Madola ni mali ya malkia, na Tanzania na Kenya ziko chini ya taji

Tangu tamko la London la Aprili 1949, lililoiruhusu India ibaki mwanachama ikiwa jamhuri, uanachama na taji ni mambo mawili tofauti. Wanachama leo ni 56. Nchi zenye mfalme wa Uingereza kama mkuu wa nchi ni 15. Rwanda na Msumbiji zimo bila kuwahi kuwa makoloni ya Uingereza. Ukuu wa Jumuiya wenyewe haurithiwi: ilibidi viongozi wakubaliane Aprili 2018 kwamba Charles atamfuata mama yake.

Hata hivyo kuna kipindi ambacho vitabu vyetu vinakiruka. Tanganyika ilipopata uhuru 9 Desemba 1961, Elizabeth II alibaki mkuu wa nchi, akiwakilishwa na Gavana Mkuu Richard Turnbull, hadi ilipokuwa jamhuri 9 Desemba 1962. Uganda ilikuwa hivyo kati ya Oktoba 1962 na Oktoba 1963, na Kenya kati ya Desemba 1963 na Desemba 1964. Zanzibar haimo kabisa: ilikuwa nchi lindwa chini ya Sultani, na ilipopata uhuru 10 Desemba 1963 mkuu wake wa nchi alikuwa Sultani Jamshid.

Dhana: Elizabeth alitawazwa juu ya mti Kenya

Usiku wa kuamkia 6 Februari 1952 alilala Treetops, hoteli ya juu ya mti katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, na baba yake alifariki usingizini Sandringham usiku huohuo. Kisheria alikuwa malkia tangu pumzi ya mwisho ya baba yake, bila kiapo wala sherehe. Lakini hakuambiwa pale mtini. Alikuwa ameshashuka na kurudi Sagana Lodge, ambako mumewe alimpa habari mchana. Jioni akaondoka kupitia Nanyuki na Entebbe kuelekea London. Anayeandika mwanzo wa utawala wake aandike 6 Februari 1952. Kutawazwa kulifanyika Westminster Abbey, 2 Juni 1953, miezi 16 baadaye.