Je, wajua kwa nini umeme "hufuliwa"?

Kwa miaka mingi niliamini kuwa umeme hufuliwa kwa sababu ya maji. Redioni ilitajwa mitambo ya kufua umeme ya Kidatu, Mtera na Hale, yote ya maji, nami nikawaza nguo: maji yanapita, umeme unatoka. Sivyo. Pale Ubungo, Dar es Salaam, umeme hufuliwa kwa gesi asilia, si kwa maji ya mto.

Kufua ni kupiga, kukitia kitu nguvu mpaka kikupe unachotaka. Mhunzi hufua chuma kwa nyundo. Sonara hufua dhahabu. Mwenye nazi huikita kwenye kifuo, akaisukuma kwa uzito wa mwili hadi kumbi libanduke, naye anafua. Hata nguo zilifuliwa kwa kupigwa juu ya jiwe, maji yakisaidia tu. Kwa hiyo neno halikutoka kwenye beseni, na mtambo wa gesi una haki nalo sawasawa na wa maji.

Basi kinachopigwa ni nini? Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogea karibu na waya uliosokotwa, umeme hupita ndani ya waya. Elektroni, chembe ndogo mno zinazobeba umeme, zimo tayari ndani ya shaba ya waya, kama maji yaliyojaa bombani, sumaku inazisukuma. Kwenye gridi yetu zinasukumwa huku na kurudishwa mara 50 kila sekunde.

Nguvu inayotumika utaisikia miguuni ukiwa na baiskeli yenye dainamo, kijimtambo chenye sumaku kinachozungushwa na tairi ili kuwasha taa. Ibane dainamo kwenye tairi huku waya wa taa umechomoka: pedali ni nyepesi. Unganisha waya, taa iwake, pedali inakuwa nzito papo hapo. Mwanga ule unatoka kwenye mapaja yako. Vivyo hivyo mjini: watu wakiwasha pasi na majiko jioni, mashine huwa ngumu kuzungusha, na lazima maji au gesi iongezwe. Bwawa la Julius Nyerere, mto Rufiji, lina mashine 9 za megawati 235 kila moja, na zote hushindana na uzito huo.

Paneli ya sola ndiyo inayonitatiza. Inakaa kimya juu ya bati, hakuna kinachozunguka wala kupigwa. Mwanga wenyewe ndio unaosukuma elektroni. Wengi hapo husema "kuzalisha", nami nawafuata.