Je, wajua pete za mti hufichuaje ukame wa karne zilizopita?

Mti unaokua penye majira bayana huongeza pete moja kila mwaka, chini tu ya gome. Msimu wa kukua unapoanza, seli zake huwa kubwa na mbao yake nyeupe. Msimu ukielekea ukingoni, seli hubanana na rangi hukolea. Penye uhaba wa mvua, mwaka wa ukame huacha pete nyembamba.

Kuhesabu pete peke yake hakutoshi. Ukame ukizidi, mti huweza kuruka mwaka mzima bila pete, na mvua ikikatika katikati ya msimu kisha ikarudi, huweza kujenga pete ya uongo. Ndiyo maana watafiti hawauamini mti mmoja. Hutoboa miti mingi kwa keekee yenye uwazi ndani, wakatoa kijiti chenye unene wa milimita 5 hivi, na mti ukaendelea kuishi. Kijiti husuguliwa kwa msasa hadi kila seli ionekane kwenye hadubini, ndipo mpangilio wa pete pana na nyembamba ulinganishwe mti kwa mti.

Hapo ndipo penye utamu wa elimu hii, kwa sababu hata boriti ya nyumba ya kale hulinganishwa vivyo hivyo. Mwanaastronomia A. E. Douglass alikuwa na kalenda mbili za pete huko kusini-magharibi mwa Marekani: moja ya miti hai, nyingine ya boriti za magofu ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa huko; hii ya pili haikujulikana iangukie miaka ipi. Mwaka 1929, kijijini Show Low, Arizona, ilichimbuliwa boriti iliyoungua yenye pete za kuanzia 1237 hadi 1380. Iliziunganisha zote mbili, na magofu mengi yakapata umri wake papo hapo. Pete hizohizo zilionyesha ukame mrefu wa 1276 hadi 1299, wakati ambapo watu walikuwa wakiyahama makazi ya Wapueblo ya Mesa Verde, Colorado.

Msitu nao una habari zake. Moto usioua mti huacha kovu ndani ya pete ya mwaka ule. Na mti uliobanwa kivulini kwa miongo, pete zake nyembamba kama uzi, ukianza ghafla kunenepa peke yake, basi jirani yake mkubwa alianguka akauachia mwanga. Wakinenepa wengi kwa pamoja, mtafiti huuliza kwanza: ni dhoruba, ni mashoka, au ni mvua tu iliyorudi?