Deni la zamani la mkopo likifika mahakamani: hakimu hatasema kwa niaba yako

Wanaofika kwenye meza ya ushauri wa bure wa kisheria hapa Lubumbashi wakiwa na hati za mahakama kuhusu mikopo ya zamani wamekuwa wengi, na wengi wao hufika wakiwa wamechelewa. Hati ilipelekwa nyumbani Katuba au Ruashi, ikapokelewa na mtoto mkubwa, ikawekwa kabatini, kisha mdaiwa akajiambia kwamba deni la mwaka 2016 limekwisha kufa lenyewe. Deni halifi hivyo, na hapa ndipo watu wanapopoteza kesi ambazo wangeweza kushinda.

Mikopo tunayoizungumzia inajulikana. Ni ile ya Bank Lambert, yaani mikopo ya mkopeshaji wa mtaani na si ya benki halisi, ambapo mwalimu au mtumishi wa serikali ambaye mshahara umechelewa anachukua dola 100 ili arudishe 150 mwisho wa mwezi, huku akimwachia mkopeshaji kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri. Ni pia mikopo midogo ya taasisi zilizosajiliwa, ambayo mkataba wake ulisainiwa bila kusomwa.

Kwanza, tambua ni hati gani uliyopokea, kwa kuwa zipo za aina mbili na muda wake haulingani. Hati ya wito inakuita ufike mbele ya mahakama siku iliyotajwa, na kwa utaratibu wa kawaida wa Dekreti ya tarehe 7 Machi 1960 kuhusu mwenendo wa kesi za kiraia lazima ziwepo siku nane kamili kati ya kukabidhiwa kwake na siku ya kufika, pamoja na siku moja ya ziada kwa kila kilomita 100 za umbali. Usipofika, mdai anaweza kuomba hukumu itolewe bila wewe kuwepo. Hukumu hiyo unaweza kuipinga ndani ya siku 15 tangu ulipokabidhiwa wewe binafsi.

Aina ya pili ni amri ya kulipa, na hiyo ndiyo inayowaumiza watu zaidi. Inatokana na sheria za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, ambazo nchi yetu inazitumia tangu tarehe 12 Septemba 2012, na hutolewa na hakimu aliyesoma maombi na karatasi za mdai peke yake, bila kukusikia. Sheria ya mwaka 1998 iliyotoa siku 15 za kupinga imebadilishwa na ile iliyopitishwa Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, inayotumika tangu tarehe 16 Februari 2024. Kwa hiyo usihesabu siku kwa kumsikiliza jirani, bali soma muda ulioandikwa kwenye hati yenyewe, kwa sababu hati isiyoutaja ni batili. Pingamizi hufanywa kwa maandishi kupitia mpeleka hati wa mahakama, likafikishwa kwa mdai na kwa karani, likitaja siku ya kufika mbele ya mahakama. Barua uliyoiandika mwenyewe na kuiacha kwa mlinzi wa mkopeshaji si pingamizi. Muda ukipita, amri inapewa nguvu ya utekelezaji, na vyombo vya nyumbani, akaunti ya benki, hata pesa iliyo kwenye simu vinaweza kukamatwa.

Inatubidi turudie jambo ambalo tumelisema mara nyingi: kukataa kupokea hati hakuifuti. Mpeleka hati anaweza kuiacha kwa ndugu anayeishi nawe, naye huandika alimwachia nani.

Ukiisha kupinga, unasema nini? Kwenye amri ya kulipa, mzigo wa kuthibitisha deni unabaki kwa yule aliyeomba amri. Basi dai mkataba, dai hesabu ya kilicholipwa. Halafu uliza tarehe. Kifungu cha 16 cha sheria ya OHADA ya biashara kinaweka miaka mitano ya kudai mahakamani kwa madeni kati ya mfanyabiashara na mteja wake, na anayekopesha watu kila mwezi kwa faida ni mfanyabiashara, hata kama hana kibao mlangoni. Deni la rafiki kwa rafiki ni jambo jingine: hapo sheria ya kiraia inahesabu miaka 30. Lakini hakimu haruhusiwi kuitaja hoja ya muda kama wewe mwenyewe hukuitaja. Vivyo hivyo riba ya kupita kiasi: kifungu cha 131 bis cha sheria ya mikataba kinamruhusu hakimu kulipunguza deni libaki mtaji, yaani pesa iliyokopwa, na riba ya kisheria, pale mkopeshaji alipotumia vibaya shida au ujinga wa mkopaji, ila ni kwa ombi la mdaiwa. Na kama wewe si mfanyabiashara, lakini umeitwa mbele ya Mahakama ya Biashara, sema hivyo mwanzoni kabisa.

Tunaomba sana jambo hili lizingatiwe: usisaini karatasi yoyote ya kukiri deni, wala usitoe franka chache za kumtuliza mkopeshaji kabla ya kupata ushauri. Kukiri deni kunakatiza hesabu ya muda, na miaka mitano inaanza upya. Tumeona watu wema, waliotaka amani tu, wakifufua kwa saini yao deni ambalo lilikuwa limepitwa na muda.

Wengine hutishwa na polisi. Kushindwa kulipa mkopo si kosa la jinai, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kongo iliukubali mwaka 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu hiyo peke yake. Udanganyifu na kuvunja uaminifu ni makosa tofauti yanayohitaji uthibitisho wake. Ukiitwa polisi, nenda, lakini sema wazi kwamba hilo ni deni la kiraia na uombe wakili.

Makala haya hayachukui nafasi ya ushauri juu ya faili lako. Njoo na hati yenyewe pamoja na bahasha yake, mkataba, karatasi za malipo na, kama huna uwezo, cheti cha uhitaji kutoka komini yako. Andika nyuma ya hati siku uliyoipokea na jina la aliyeipokea, na uje wiki hiyo hiyo.