Kutoa themostati hakuponyi gari linalochemsha

Land Cruiser ya zamani ikianza kuchemsha, ushauri wa haraka gereji huwa: “Toa themostati, hiyo ni ya nchi za baridi.” Si kweli. Themostati ni vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto. Nyingi za injini za dizeli za Toyota zina sahani mbili: moja hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta inayopoza maji, nyingine huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi na sehemu ya maji ya moto huzunguka bila kupoa. Mlimani, gari huchemsha zaidi. Asubuhi nayo injini huchelewa kupata moto, na silinda huchakaa.

Ipime kwanza: ining'inize ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, uchemshe polepole. Ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizochapwa juu yake, mara nyingi 76 au 82. Isipofunguka, nunua mpya na gasketi yake; kitundu cha hewa kikae juu.

Ikiwa nzima, chunguza rejeta iliyoziba kwa kutu, klachi ya feni (kiungo kinachoizungusha feni) iliyolegea, au mfuniko wa rejeta usioshika presha. Maji matupu ya bomba ndiyo huleta kutu hiyo, tumia kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini chenye dawa ya kuzuia kutu.