Yanayosemwa kuhusu baiskeli ya mbio ya mtumba

"Fremu ikiwa nzima, vingine utabadilisha taratibu."

Dhana hii ndiyo inayowamalizia hela wanaoanza. Pini za cheni hulika ndani, cheni ikarefuka, na ikirefuka inatafuna meno ya gia za nyuma. Hapo cheni mpya peke yake haisaidii: itaruka kila ukikanyaga kwa nguvu mlimani, kwa hiyo unanunua vyote viwili. Ongeza tairi, waya na raba za breki, na ile ya bei poa imeshaipita ile uliyoiona ghali.

Nenda na rula ya shule yenye inchi 12. Weka sifuri katikati ya pini moja, cheni ikiwa imekazwa. Cheni nzima itakupa pini nyingine juu ya inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, cheni imechoka. Ikipita kwa 1/8, hesabu na gia za nyuma zimekwenda nayo, halafu ndipo muanze kuzungumza bei.

"Inchi 27 na 700 ni tairi ile ile."

Hata wauzaji huamini hivyo. Rimu ya 700C ina kipenyo cha milimita 622. Ya inchi 27, iliyo kwenye baiskeli nyingi za mbio za zamani, ina 630. Ni milimita 8 tu, lakini tairi haiingii. Yangu ya kwanza, ya bluu, niliipenda kwa rangi. Tairi lilipopasuka nilizunguka maduka hadi fundi mmoja akafuta vumbi ubavuni kwa kidole gumba, akanionyesha: 32-630, yaani upana 32, kipenyo 630. Ikakaa ukutani wiki tatu. Unaweza kuhamia rimu za 622, ila raba za breki zitatakiwa kushuka milimita 4 kila upande, nusu ya zile 8, na si kila breki inafika huko.

"Nyepesi ndiyo bora."

Tofauti ya kilo moja kati ya baiskeli mbili ni chupa ya maji ya lita moja. Mimi ningemshauri anayeanza achukue fremu ya chuma. Ufa wa chuma mara nyingi huonekana, rangi ikivimba au kutu ikichora mstari, na fundi mzuri anauchomea. Fremu nyepesi ya kaboni iliyowahi kuanguka inaweza kuwa imevunjika ndani huku nje inang'aa.

"Tairi nyembamba ndiyo yenye kasi."

Waendeshaji wa Tour de France wenyewe waliacha milimita 23, wakaenda 25, kisha 28. Kwa lami yetu yenye viraka, chukua 28 kama inapita kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele na kwenye breki.

"Ikiwa kubwa kidogo, utashusha siti."

Siti itashuka, lakini bomba la juu halitafupika. Utaendesha umejinyoosha, shingo inauma, vidole vinakufa ganzi kabla hujamaliza kilomita 20. Simama umelipitisha bomba la juu katikati ya miguu, nyayo zote chini: lazima ibaki nafasi. Kisha panda, shika vishikio vya breki. Viwiko vikunjike kidogo bila kulazimisha. Na kabla ya kutoa hela, legeza nati ya siti uisogeze juu na chini mwenyewe. Bomba la siti la alumini likishagandia ndani ya fremu ya chuma, fundi anaweza kulikata kwa msumeno siku nzima.