Kutambua Jike na Dume Katika Vifaranga vya Gapi na Samaki Wengine Wanaozaa

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hupenda kujua namna ya kutenganisha majike na madume kabla hawajaanza kupandana. Kwa gapi, moli, plati na mkia-upanga, ambao hawatagi mayai bali huzaa vifaranga vinavyoweza kuogelea mara tu vinapozaliwa, jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu jike huhifadhi mbegu za dume mwilini na anaweza kuzaa tena na tena kwa miezi kadhaa bila kukutana na dume mwingine. Jike aliyepandwa mapema na dume asiyetakiwa huendelea kutoa vifaranga vya dume huyo hata baada ya kuhamishiwa tangi jingine.

Wafugaji wa sato waliozoea kuchagua madume kwa kutazama matundu yaliyo chini ya tumbo hawatafaidika na mazoea hayo hapa. Kinachotazamwa ni pezi moja, lile la chini lililo nyuma ya tundu la haja. Vifaranga vyote huzaliwa pezi hilo likiwa na umbo moja, la pembetatu iliyo pana kiasi, na jike hubaki nalo hivyo. Kwa dume, homoni za kiume husababisha mwale (yaani kijifupa chembamba kinachoshikilia pezi) wa tatu, wa nne na wa tano wa pezi hilo kunenepa na kurefuka, mpaka pezi zima linakuwa kijiti chembamba kilicholala kuelekea mkiani. Hicho ndicho kiungo cha kupandia, ambacho wataalamu hukiita gonopodiamu.

Kwa gapi aliyelishwa vizuri katika maji ya nyuzijoto 25 hivi, ncha ya pezi la dume huanza kuchongoka akiwa na umri wa wiki 3 hadi 5, na rangi za mwilini hujitokeza karibu na wakati huo. Maji ya baridi, chakula haba na msongamano huchelewesha yote hayo, kwa hiyo umri peke yake usitumiwe kutoa hukumu. Rangi nayo ina udanganyifu wake: majike ya gapi wa kufugwa mara nyingi huwa na mikia yenye rangi, na kwa plati madume na majike hufanana rangi tangu udogoni hadi utu uzima.

Dalili ya jike inayoweza kutangulia ni doa jeusi sehemu ya nyuma ya tumbo, juu kidogo ya tundu la haja, ambalo kwa gapi wa rangi hafifu huonekana hata kabla pezi la dume halijaanza kubadilika. Kwa moli mweusi doa hilo halionekani kabisa, na kwa samaki wenye ualbino huwa la rangi ya waridi au chungwa. Mimi hulichukulia kama kidokezo, na pezi ndilo ushahidi.

Ili kuona vizuri, hamishia kifaranga pamoja na maji yake kwenye chombo chembamba cha kioo, weka taa ubavuni, subiri kitulie na kukunjua mapezi, kisha piga picha kwa simu na kuikuza. Hakuna sababu ya kumshika samaki mdogo hivyo kwa mkono, kwani utando unaoikinga ngozi yake huondoka kwa urahisi.

Kosa linalosumbua zaidi ni kudhani kwamba kila asiye na pezi la dume ni jike. Miongoni mwa mkia-upanga na jamaa zake wa jenasi Xiphophorus, wapo madume wanaobalehe mapema wakiwa wadogo, na wapo wanaochelewa kwa miezi mingi, wakakua wakubwa na kuonekana kama majike muda wote huo. Katika baadhi ya spishi za jenasi hiyo, tofauti hii inarithiwa kupitia kromosomu Y, yaani hutoka kwa baba kwenda kwa wanawe wa kiume. Habari nyingi za jike aliyegeuka dume zinaelezeka kwa namna hii, ijapokuwa ni kweli kwamba majike wazee wakati mwingine huota maumbile ya kiume kutokana na mabadiliko ya homoni.

Kwa sababu hiyo, ni afadhali kuwa na matangi matatu badala ya mawili: la madume waliothibitika, la majike, na la wale wenye shaka, ambao hukaguliwa kila baada ya siku chache. Dume aondolewe mara pezi linapoanza kuchongoka, bila kungoja gonopodiamu ikamilike. Kwa gapi, tangi la wenye shaka huwa tupu baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa mkia-upanga, lipewe muda mrefu zaidi. Wanaobaki bila kazi wapewe mfugaji mwingine, wala wasimwagwe mtoni au bwawani, kwa kuwa jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kuanzisha kizazi kipya cha samaki wageni mahali hapo.